Unaenda Unguja siku chache? Malaria unaweza kuondoka nayo Ifakara

Ukipanga mapumziko ya siku nne tano Unguja, utapiga hesabu ya nauli ya basi na boti. Fikiria na homa. Zanzibar malaria imepungua sana, lakini huku Kilombero bado tunayo, hasa kwa wanaolala kwenye vibanda vya mashamba ya mpunga. Tangu mbu akuume mpaka homa ianze hupita siku 7 hadi 14, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo ukiugua siku ya tatu ukiwa kisiwani, usiseme ni uchovu wa boti: kama ni malaria, mbu aliyekuuma ni wa huku kwetu.

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, na useme bila kusubiri kuulizwa kwamba umetoka Ifakara. Mtoto mdogo au mjamzito asilazwe na homa hadi asubuhi. Ukikutwa na vimelea, maliza dawa mseto siku zote 3 hata kama homa imeshuka. Usishangae maofisa wa afya wakifika unakolala kuwapima na wenzako. Ndivyo Zanzibar wanavyofuatilia ugonjwa huu.

Zile dawa zilizobaki kabatini usizifungashe. Nusu dozi haitibu.