Profesa Imbuga na majina yasemayo

Wanafunzi wakiniuliza majazi ni nini, huwa siwapi fasili ya kamusi. Huwaandikia neno 'Kafira' ubaoni na kuwaambia wazipange upya herufi zake. Punde si punde mmoja anapaza sauti: "Afrika!" Basi, somo limekwisha, na aliyelifundisha ni marehemu Profesa Francis Imbuga, si mimi.

Mwenzetu huyo alituaga Novemba 2012. Naam, mwenzetu. Yeye aliandika kwa Kiingereza, nasi tuko upande wa Kiswahili, lakini jukwaa ni lile lile. Miaka mingi alifundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, akafundisha Kigali pia.

Betrayal in the City ilichapishwa 1976. Mwaka uliofuata iliiwakilisha Kenya katika tamasha la FESTAC jijini Lagos, sambamba na The Trial of Dedan Kimathi ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo. Mwaka huo haukuisha kabla Ngugi kutiwa mbaroni. Imbuga aliendelea kuandika na kuchekesha. Wapo waliomlaumu, eti kejeli yake ni laini mno. Mimi sikubaliani nao hata kidogo.

Hebu mtazame Jusper. Nduguye ameuawa katika maandamano ya wanafunzi, naye kijiji kizima kinamwona mwendawazimu. Sasa mwendawazimu atakatazwa na nani kusema? Ukweli ambao wenye akili timamu wanaumeza, yeye anautema hadharani. Kisha anatunga mchezo wa kumkaribishia rais mgeni, waigizaji wakiwa wafungwa. Wanapofanya mazoezi mbele ya Bosi wanapewa bunduki, na hapo ndipo mazoezi yanageuka mapinduzi. Yaani igizo ndani ya igizo: hasira ya raia imevishwa vazi la mzaha, na mtawala mwenyewe ndiye aliyeruhusu mchezo uchezwe. Kama huo ni ulaini, basi sijui ukali ni upi.

Turudi kwenye majazi. Mulili, binamu ya Bosi, jina lake linamkumbusha Mluhya kitendo cha kula. Na kweli jamaa anakula, shamba kwa shamba. Tumbo naye hahitaji mkalimani: anagawa tuzo ya shindano la uandishi ambalo halikufanywa, na pesa anajua yeye zilikokwenda. Angalia kwamba Imbuga hakumtaja waziri yeyote wala nchi yoyote. Alimwachia mtazamaji kazi ya kutaja, kimoyomoyo, akiwa amekaa kitini gizani. Ofisa wa serikali angemshtaki kwa lipi? Kusimama na kusema "Tumbo ni mimi"?

Vijana wanaoandikia tamasha za drama za shule siku hizi huniletea miswada yenye wahusika wanaoitwa Bwana Fisadi na Bi Ukweli. Huwarudishia, nikawaambia waende kwanza Kafira.