Dawa ya sonona ikishindwa, iko njia nyingine

UMEMEZA tembe za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni iliyopindukia, kwa miezi miwili. Bado hulali na kazi imekushinda. Je, ndiyo basi? Hasha.

Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2006, takriban thuluthi moja tu ya wagonjwa walipona kabisa kwa dawa ya kwanza. Wengine walihitaji kubadilishiwa au kuongezewa dawa.

Kwanza, je, dawa yako ilipewa nafasi? Huchukua wiki nne hadi sita kufanya kazi. Amitriptilini ya miligramu 25 usiku, kwa mfano, huleta usingizi, lakini kwa kawaida haitoshi kutibu sonona. Mweleze daktari wako ukweli kuhusu pombe, na umwulize kama damu ipimwe, kwani tezi ya shingoni ikilegea huleta dalili kama hizo. Mwambie pia iwapo umewahi kuchangamka kupita kiasi kwa siku nyingi bila kuhitaji usingizi. Huo huenda ukawa ugonjwa mwingine wenye dawa tofauti.

Dawa mbili zikishindwa, kila moja kwa kipimo na muda wa kutosha, sonona huitwa sugu. Hapo umwone daktari wa magonjwa ya akili. Anaweza:

• Kukubadilishia dawa, mathalani kutoka fluoksetini hadi venlafaksini.

• Kukuongezea lithiamu. Kipimo kinachotibu kinakaribiana na kinachodhuru, kwa hivyo damu hupimwa mara kwa mara. Ukiharisha, au ukitaka kumeza ibuprofeni, muulize daktari kwanza.

• Kukuongezea kwetiapini au aripiprazoli. Uzito wako uchunguzwe.

• Kukupa esketamini pale inapopatikana. Dawa hii ya kupuliza puani iliidhinishwa Marekani mwaka 2019. Hutolewa kliniki, na mgonjwa huangaliwa kwa saa mbili au zaidi.

Usiache wala kuchanganya dawa kwa hiari yako, na usipuuze ushauri nasaha.

Ukipata mawazo ya kujiua, nenda hospitali leo hii, na jamaa akuwekee tembe zako. Amitriptilini nyingi huua. Usinyamaze kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Wewe ni mgonjwa, na ugonjwa wako una tiba.