Mwenye Mji Anajulikana Aliko: Rekodi za Vita Kasongo na Kabambare

Mji ulioanguka upesi kuliko yote kusini mwa Maniema ndio uliokuwa na mali kuliko yote. Tarehe 22 Aprili 1893 Francis Dhanis, afisa wa Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji huko Kongo, aliingia Kasongo, na siku ile ile mji ukawa wake. Hapo ndipo mfanyabiashara Tippu Tip alipoweka makao katika miaka ya 1870, na pembe za ndovu na watumwa ndivyo vilivyoujenga. Sidney Hinde, daktari Mwingereza wa kikosi cha Dhanis, aliandika kuwa walikuta magodoro ya hariri, vyandarua vya hariri, mishumaa, sukari na bilauri za fedha. Sefu bin Hamed, mwana wa Tippu Tip, alikuwa na cha kulinda, kwa hiyo ilimbidi akae mahali pamoja. Shika hilo kabla hatujaendelea: mwenye mji anajulikana aliko.

Msaada mkubwa kuliko wote aliopata Dhanis haukutoka Ulaya. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip, alihamia upande wa Dhanis mwaka 1892 na kumletea wapiganaji waliozijua njia za nchi. Kisha mto Lualaba ulimzuia Dhanis ng'ambo ya Nyangwe kwa wiki kadhaa, mpaka akavushwa Machi 1893 kwa mitumbwi ya Wagenya, wavuvi wa mto huo. Wenyeji hawakuwa na sababu ya kuwapenda wenye Nyangwe: karibu miaka 22 kabla ya hapo, Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa mji huo walikuwa wamefyatua risasi sokoni, msafiri Livingstone akishuhudia, wakaua mamia, wengi wao wanawake. Jeshi la Ulaya lilipata ushindi wake hapa kwa miguu na makasia ya wenyeji.

Na hakuna mshirika aliyelipwa vibaya kuliko Ngongo. Tarehe 15 Septemba 1893, huko Ngandu, maafisa wachache wa Kibelgiji walimshtaki kwa usaliti, wakampiga risasi. Askari waliompenda hawakusahau.

Boma lililosumbua kuliko yote lilikuwa la Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji, aliyekuja kuwasaidia wenzake. Watu wake walijenga ngome za magogo na mahandaki kwenye njia ya Kabambare. Oktoba 1893, karibu na mto Luama, Sefu alikufa, na upande wa pili akafa Ponthier, mmoja wa makamanda wa Wabelgiji. Miezi mitatu ngome zile zilisimama. Januari 1894 kombora la mzinga wa Krupp liliwasha moto ndani ya boma, na mwezi huo huo Kabambare ikachukuliwa. Mara nyingi tumesikia kwamba Waungwana, yaani watu wa Sefu na Rumaliza, walishindwa kwa kukosa bunduki. Bunduki walikuwa nazo. Walishindwa, kwa maoni yangu, kwa sababu walijifungia na mzinga ukajua pa kulenga.

Rekodi ya kustaajabisha kuliko zote ni ya Kabambare hiyo hiyo. Novemba 1898 ilitekwa na askari ambao Bula Matari mwenyewe aliwafundisha kulenga shabaha. Hawa ndio walioasi mwaka 1897 katika msafara wa Dhanis kuelekea Nile na kumuua hata ndugu yake. Wengi walikuwa Watetela na watu wa jirani zao, wenye kinyongo cha Ngongo, cha viboko na cha njaa ya safari. Walipigana kwa safu kama walivyofundishwa, wakarudi porini kama walivyozaliwa wakijua. Wabelgiji waliirudisha Kabambare mwisho wa Desemba, lakini waasi hawakumalizika. Mwaka 1900 mabaki yao yalivuka kwa Wajerumani.

Mwendo wa kasi kuliko wote ni wa waasi walioitwa Simba. Julai 1964 Kasongo ilikuwa mikononi mwao, Kindu ikaanguka mwezi huo huo, na mwanzoni mwa Agosti kamanda wao Nicholas Olenga alikuwa Stanleyville. Wengi walibeba mikuki na mapanga, wakinyunyiziwa dawa na kupiga kelele za “Mai Mulele”, maji ya Mulele. Askari wa serikali, wenye silaha za kisasa, walitupa bunduki wakakimbia. Kisha Simba nao wakawa wenye mji. Waliwaua watu hadharani mbele ya mnara wa Lumumba, Kindu na Stanleyville, wakaanza kulinda barabara na ofisi. Tarehe 5 Novemba mamluki wa serikali waliingia Kindu kwa magari, na ndege juu yao. Ushindi wa wiki chache ulivunjika kwa miezi michache.

Waliosalia walirudi milimani, na hapo ndipo ilipo rekodi ya uvumilivu. Laurent Kabila, aliyekuwa katika uasi ule, alianzisha chama chake cha PRP mwaka 1967, akajichimbia Fizi, mashariki ya Kabambare. Mei 1975 watu wake walivuka Tanganyika wakateka watafiti wanne wa sokwe Gombe, Tanzania. Von Lettow-Vorbeck, Mjerumani anayesifiwa sana kwa vita vya msituni Afrika Mashariki, alidumu miaka minne. Kabila alifika Kinshasa Mei 1997, miaka 33 baada ya Simba kuanza.

Njaa ya vita mbaya kuliko zote ninayoijua katika nchi hii ni ile ya vita vya 1998 hadi 2003. Waasi wa RCD walishika miji, wanamgambo wa Mai-Mai wakashika mashamba. Aliyetoka mjini kutafuta mihogo alipigwa na upande mmoja kwa kutoka, na upande mwingine kwa kuingia. Wanawake wengi walibakwa njiani kuelekea mashamba yao wenyewe.

Wapiganaji wa karibuni kuliko wote katika rekodi hizi walikuwa Salamabila, Kabambare, kwenye dhahabu ya Namoya. Kampuni ya Kanada, Banro, ilianza kuichimba kibiashara mwaka 2016, ikiwa na mitambo, uzio na barabara moja. Wapiganaji hao, Mai-Mai wa kundi la Malaika, hawakuhitaji kuuteka mgodi. Walishambulia misafara barabarani na kuteka wafanyakazi, mpaka mwaka 2019 kampuni ikasimamisha kazi.