Kazi ilikuchosha, sasa unataka kuwashauri wengine?

Umeacha kazi iliyokumaliza, na sasa unataka kujiajiri kwa kuwashauri wengine, labda kina mama wapya au vijana wanaotafuta ajira. Ni wazo zuri, lakini kubadilisha kazi peke yake hakuponyi.

Mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza kuwa uchovu huu si ugonjwa, bali ni matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi, na kuona huwezi tena kuifanya vizuri.

Ukijiajiri bila mipaka, msongo utakufuata nyumbani. Kwa hiyo:

- Pumzika kwanza, ulale vya kutosha.
- Anza na wateja wawili au watatu.
- Waambie saa zako za kazi. Simu za usiku zisubiri asubuhi.
- Gawaneni kazi za nyumbani. Kupika na kulea pia ni kazi.

Ukiwa na huzuni, au ukikosa hamu ya mambo uliyoyapenda, kwa wiki 2 au zaidi, huenda ni sonona. Nenda kituo cha afya. Ukiwaza kujidhuru, usisubiri: mwambie mtu unayemwamini akupeleke leo.