Usiniulize Uzito, Niulize Ala

Swali ni lilelile, na huniangukia kwa wingi kila taarifa ya habari inapomtaja mwanamke aliyeuawa akiwa mazoezini. Lilikuja baada ya Eliza Fletcher kutekwa alfajiri akikimbia mjini Memphis mwaka 2022. Likarudi Februari 2024, Laken Riley alipouawa kule Athens, Georgia. "Mwalimu, bastola gani ni nyepesi kuliko zote, nikikimbia nayo nisiisikie?" Wanaouliza ni Waswahili wenzangu wa hapa Texas na majimbo mengine ya Marekani: wauguzi, madereva wa malori, wanafunzi. Ni watu makini, wasionunua hata gari lililotumika bila kulizunguka mara tatu na kuuliza maswali kumi. Kwenye bastola wanauliza moja tu, nalo halifai.

Anayetaka nyepesi kweli, ipo. Kampuni ya North American Arms hutengeneza rivolva ndogo za .22 za risasi tano, na iliyo ndogo kabisa haifiki gramu 150. Inafichika kiganjani. Ila kila risasi lazima kwanza uvute nyundo kwa kidole gumba, na mpini wenyewe unashikwa kwa vidole viwili. Sasa fikiria umekimbia kilomita nne, moyo unapiga 160 kwa dakika, mikono inateleza kwa jasho, na mtu mzima anakujia kwa kasi. Hiyo ndiyo nyepesi kuliko zote. Bado unaitaka?

Imani hii ya wepesi imeshika mizizi kwa sababu inaonekana ni akili ya kawaida tu. Mkimbiaji hununua viatu vyepesi na bukta nyepesi, basi na bastola iwe nyepesi. Lakini kinachomsumbua mtu mbioni ni kile kinachocheza mwilini. Mkimbiaji hupiga hatua kati ya 160 na 180 kwa dakika, na kwa kila hatua kiwiliwili chake hupanda na kushuka sentimita kadhaa. Nusu saa ni hatua kama 5,000. Kitu cha gramu 300 kilicholegea kitakupiga nyonga mara 5,000, na jioni utakuwa na mchubuko. Kitu cha gramu 600 kilichobanwa sawasawa, kikapanda na kushuka pamoja na mwili, utakisahau kabla ya kilomita ya kwanza kuisha.

Tuziweke namba mezani, maana wauzaji huzitaja nusu. Ruger LCP, ambayo ndiyo kipenzi cha wauliza-uzito, ina gramu 270 hivi ikiwa tupu. SIG P365 ina gramu 500 na kidogo. Watu husikia hapo tu, wanalipa, wanaondoka. Jaza risasi: ya kwanza inafika kama 330, ya pili kama 630. Tofauti ni gramu 300. Chupa ya maji ya nusu lita inazidi hapo, na mnaibeba mkononi Jumamosi nzima bila mtu kulalamika. Simu zenu nazo nyingi zina gramu 200. Sijawahi kupata barua ya kuniuliza simu gani nyepesi ya kukimbia nayo.

Kwa hizo gramu 300 ulizookoa, umetoa nini? Hapa ndipo ninapochoka kueleza. Risasi ileile ikipigwa na bastola yenye nusu ya uzito, nishati inayorudi mkononi huwa mara mbili hivi. Muuzaji hana punguzo juu ya hilo, ni fizikia. Polisi wa Marekani walibeba kwa miongo mingi rivolva ya chuma ya Smith & Wesson, Model 10, yenye uzito wa karibu kilo moja, na mtu wa kawaida aliweza kujifunza kulenga nayo. Risasi hiyohiyo ya .38 Special leo inawekwa kwenye Model 642 yenye gramu 400 hivi, na mwanafunzi wangu anashangaa kwa nini anafumba macho kabla ya kufyatua. Kisha wapo wanaokwenda mbali zaidi, wakanunua 340PD ya kampuni ileile, iliyotengenezwa kwa skandiamu na titani, yenye gramu 330 hivi, wakaijaza risasi za .357 Magnum. Teke lake ni kali kiasi kwamba vichwa vya risasi ambazo bado hazijapigwa vinaweza kuchomoka kwenye maganda yake na kuzuia silinda isizunguke. Na kwa sababu nyingine, ya kulinda silinda ya titani isilike mapema, kwenye mtutu wake yameandikwa maneno ya kukataza risasi zenye kichwa chepesi kuliko greni 120. Nimewaona wanaume wenye misuli wakimaliza silinda moja, wakaiweka mezani taratibu, na wasiiguse tena siku hiyo.

Na hapo ndipo hasara yenyewe ilipo. Bastola inayoumiza mkono haifanyiwi mazoezi. Inanunuliwa, inapigwa mara moja, inaanza kwenda mbioni kila asubuhi na mtu asiyejua risasi yake inatua wapi. Mtutu ni mfupi, vilengeo ni vidogo kama chembe za mchele, kidole cha mwisho hakina pa kushika. Mwenye kuijua silaha hiyo anaweza kufanya nayo maajabu. Hizi bastola ndogo ni za mafundi, na ajabu ni kwamba ndizo wanazouziwa wanaoanza, hasa akina dada. Muuzaji humtazama mwanamke juu hadi chini, kisha hunyoosha mkono kwenye kabati akatoa kibastola, mara nyingine cha rangi ya waridi. "Hii itakufaa, ndogo, nyepesi." Dada yangu, akikwambia hivyo, mrudishie. Mwenye mkono mdogo na kiganja chepesi ndiye hasa anayehitaji uzito wa kumeza lile teke.

Sasa tuje kwenye swali mlilopaswa kuniuliza tangu mwanzo, la ala.

Bastola ya kukimbia nayo ni ala kwanza, silaha baadaye. Kazi ya kwanza ya ala ni kukifunika kifyatulio chote kwa kitu kigumu, kisipate kuguswa na chochote mpaka utakapoichomoa kwa kukusudia. Hapa sina mjadala. Mikanda ya kitambaa cha kunyumbuka inayouzwa kwa wakimbiaji, yenye mfuko mlaini wa kutumbukiza bastola, haifanyi kazi hiyo: unaweza kukibonyeza kifyatulio kwa nje kwa kidole. Pochi ya kiunoni ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu humo mnaweka na funguo. Funguo, kamba ya bukta, kile kidude cha plastiki cha kukazia kamba ya jaketi: vyote vinaingia kwenye nafasi ya kifyatulio bila shida, na bastola haitambui kama kilichoivuta ni kidole au kamba. Ukiivaa mbele ya tumbo, mtutu unatazama kinena na mshipa mkubwa wa paja. Mshipa huo ukikatika hungoji gari la wagonjwa kwa raha.

Bastola nayo lazima iwe ya kuaminika ikianguka, maana mbioni vitu huanguka. Ruger LCP ilipotoka mwaka 2008, mwaka huohuo kampuni iliwaita wanunuzi wa toleo la kwanza wazirudishe kiwandani, kwa sababu ziliweza kufyatuka zikidondoka zikiwa na risasi kwenye chemba. Zilirekebishwa, na zinazouzwa leo hazina kasoro hiyo. Lakini zile za awali bado zinaweza kuibuka kwa mtumba, na anayeuziwa nyepesi kwa bei rahisi haulizi historia. Uliza.

Kuna wanaosema, basi nitaibeba bila risasi kwenye chemba. Sawa, ni salama zaidi, na kama ala yako ni ya kitambaa nakuomba ufanye hivyo leo hii. Ila jua kwamba umejiwekea kazi ya mikono miwili, na huenda mkono wa pili ukawa unamzuia mtu asikuangushe.

Kabla sijataja cha kununua, sheria, kwa kifupi, maana hapa watu wetu wanaumia kuliko kwenye risasi. Aliye Marekani kwa viza ya muda, ya masomo au ya kutembea, sheria ya taifa kwa kawaida inamkataza kumiliki hata kugusa bunduki au risasi. Ziko nafasi chache za kutoka, kama leseni ya uwindaji, na usizitumie bila wakili. Asiye na karatasi, marufuku. Adhabu ni kifungo kinachoweza kufika miaka 15, na juu yake kosa la silaha hukufungulia mlango wa kufukuzwa nchini. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Usimwazime binamu yako mwanafunzi bastola "akimbie nayo tu asubuhi".

Tangu tarehe 1 Septemba 2021 Texas inamruhusu mtu mzima anayestahiki kubeba bastola bila kibali, na wengi wakaona kibali ni kupoteza muda. Wakimbiaji ndio hasa wanaokihitaji. Sheria ya taifa inakataza silaha ndani ya futi 1,000, yaani mita 300 hivi, kuzunguka uwanja wa shule, na inamsamehe aliyepewa kibali na jimbo lile lile ilimo shule hiyo. Chora njia yako ya asubuhi kwenye ramani, kisha hesabu shule. Ukivuka mpaka wa jimbo kwenda kushiriki marathoni, sheria zimebadilika hata kama barabara ni ileile.

Na polisi akikusimamisha, mikono ionekane, iwe mitupu, usielekeze wala usiguse kiuno. Philando Castile, dereva Mweusi, alikuwa na kibali chake halali siku alipouawa na askari aliyemsimamisha kule Falcon Heights, Minnesota, Julai 2016, na alikuwa amemwambia askari huyo kwa adabu kwamba ana silaha. Sisi tunafanana naye. Anayekuuzia bastola hatakukumbusha hilo.

Haya, ya kununua, haraka. Chukua bastola ya 9mm ya gramu 500 hivi, SIG P365 au Glock 43, zote mbili pigia uwanjani kwa kukodi kabla ya kulipa. Mkono ukiwa dhaifu au una baridi yabisi, Glock 42 ya .380 inapiga kwa upole kuliko LCP na bado inashikika. Anayependa rivolva, 642 kwa risasi laini za mazoezi, na Magnum aiache dukani. Ala iwe ya plastiki ngumu iliyofinyangwa kwa modeli yako hasa, iliyofungwa kwenye mkanda wake wenyewe unaovaliwa chini ya nguo, kwa sababu bukta haina uwezo wa kubeba kitu. Mfumo wa PHLster Enigma ulibuniwa kwa kazi hiyo, na zipo nyingine zinazofanana nao. Mkanda ukaze kuliko unavyodhani. Ijaribu nyumbani ikiwa tupu, umeihakiki mara mbili, risasi ziko chumba kingine: ruka, panda ngazi, inama ufunge kamba za viatu, jiangushe kwenye zulia. Ikitikisika, kaza au badilisha. Kisha fanya mazoezi ya kuinua fulana na kuchomoa, na fulana uiloweshe kwanza, kwa sababu iliyolowa jasho hung'ang'ania ngozi. Viwanja vingi vya shabaha haviruhusu kuchomoa kutoka kwenye ala, kwa hiyo tafuta mwalimu mwenye darasa la hilo. Jasho ni chumvi: pangusa na upake mafuta kila urudipo, hata chuma kinachosifiwa kuwa hakishiki kutu hushika, na risasi zilizoogeshwa jasho miezi mingi zimalizie uwanjani, uweke mpya. Ukiingia ndani, bastola iende kwenye sanduku lenye kufuli kabla hujaenda kuoga. Watoto huwa wameamka.

Mbwa, ambao kwa wakimbiaji wengi ndio usumbufu wa kila siku, hawahitaji bastola kabisa. Dawa ya pilipili ya kupuliza, iliyofungwa mkononi, inatosha, inatoka kwa nusu sekunde, na ukikosea hakuna anayekufa. Soma masharti ya jimbo lako tu. Kimbieni wawili au watatu, kama wanavyofanya wanariadha wa Iten, Kenya, kila alfajiri. Toa spika ya sikio moja.

Ukipiga hesabu ya pesa zako, gawa hivi: bastola ya kawaida, ala bora, na zaidi ya nusu ya kilichobaki iende kwenye risasi za mazoezi na ada ya mwalimu. Asiye na fedha wala muda wa mazoezi aache silaha nyumbani, akimbie na pilipili na wenzake. Na ninyi wa viza ya masomo, msiniandikie tena kuuliza modeli. Jibu langu kwenu ni pilipili.