Mchango wa Mgodi katika Huduma za Afya: Nani Huamua Kijengwe Nini

Tangu Mgodi wa Dhahabu wa Singida uliopo Mang'onyi uanze kuzalisha mwaka 2023, ni haki ya wakazi wa kata nyingine za Wilaya ya Ikungi, Issuna ikiwamo, kuuliza mgodi unachangia nini katika huduma za afya na ni nani anayeamua.

Mchango huo ni takwa la sheria. Kifungu cha 105 cha Sheria ya Madini, kama kilivyorekebishwa mwaka 2017, kinamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa wajibu wa kampuni kwa jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri. Mpango huo hufuata vipaumbele vya halmashauri. Kabla ya hapo kampuni iliweza kujiamulia yenyewe cha kujenga na mahali pa kujenga. Ushuru wa huduma ni jambo jingine: huo ni mapato ya halmashauri na haupaswi kuhesabiwa kuwa msaada.

Fedha za mgodi hufaa zaidi kwa vitu vinavyojengwa au kununuliwa mara moja: jengo la wazazi, kitanda cha kujifungulia, kisima, umeme wa jua. Watumishi huajiriwa na Serikali, na dawa hutoka Bohari ya Dawa. Hapa ndipo miradi mingi mizuri hukwama. Zahanati inaweza kupakwa rangi na kuzinduliwa kwa ngoma, lakini ikiwa hakuna nyumba ya mtumishi, muuguzi atapanga chumba mbali, na mama atakayeshikwa na uchungu usiku wa manane atakuta kufuli mlangoni. Kwa kijiji kilicho mbali na lami ya barabara ya Singida hadi Manyoni, nyumba ya muuguzi yaweza kuokoa maisha mengi kuliko chumba cha ziada cha daktari.

Kipaumbele kama hicho huanzia katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Kutoka hapo hoja hupelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha halmashauri. Hoja isiyoandikwa katika muhtasari haisafiri. Anayesema "tunaomba zahanati" amesema kidogo. Aeleze wajawazito hutembea umbali gani, kituo kina maji au hakina, na mtumishi analala wapi. Kamati ya usimamizi wa kituo, yenye wawakilishi wa wananchi, inazo taarifa hizo na ziombwe kwake.

Dhahabu nayo huisha. Mgodi wa Golden Pride wilayani Nzega, ulioanza kuzalisha mwishoni mwa miaka ya 1990, ulikwisha kufungwa. Kwa sababu hiyo gharama za kila mwezi, kama vile mafuta ya gari la wagonjwa au ujira wa mlinzi, zisiachwe mabegani mwa mgodi peke yake.

Majengo yakisubiriwa, dharura za uzazi hazisubiri. Mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga anayehitaji usafiri wa dharura apigiwe simu namba 115 bila malipo. Huo ni mfumo wa m-mama, ulioanzishwa kwa ushirikiano wa Serikali na taasisi ya kampuni ya simu ya Vodacom. Pale ambapo gari la wagonjwa halipatikani, hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na familia haimlipi.