Barua ya parkingi kutoka kampuni: mbele ya kulipa, soma kwanza

Wamama wenzetu, juma hili tunaongea juu ya jambo ambalo wengine watasema halituhusu, maana kwetu Bukavu wenye gari lao wenyewe si wengi. Lakini hesabuni nyumba za kundi letu zenye dada, mtoto ama shemeji huko Uingereza. Tangu miaka ya 2000 serikali ya huko ilipokea familia za Wakongo kutoka kambi za wakimbizi, zikapewa makao katika miji kama Sheffield, Hull na Bolton. Na huko gari si utajiri. Mama anayeanza kazi ya kusafisha saa kumi ya alfajiri hapati basi la kumfikisha.

Mwezi wa tisa mmoja wetu alikuwa anangojea pesa ya minervali ya watoto wawili. Mdogo wake ndiye huituma kila mwaka, na hajakosa hata mara moja. Safari hii kimya. Alipompigia simu, mdogo mtu akalia: amepata barua ya amande, paundi 100, na isipolipwa itapanda. Alipeleka mtoto hospitalini, akaweka gari kwenye parkingi ya hospitali, akalipa kwenye mashini, akarudi nyumbani. Nyuma ya siku tisa barua ikafika. Yeye alifikiri ni polisi. Alikuwa tayari anahesabu pesa ya minervali ili ailipe, kwa woga wa kufukuzwa nchini.

Hapo ndipo tulianza kuuliza na kusoma, kwa sababu woga huo tumeusikia kwa wamama wengi walio huko.

Jambo la kwanza: ile haikuwa amande. Nchini Uingereza, polisi na mji wanaweza kutoza amande. Kampuni ya binafsi haina mamlaka hiyo. Kinachokuja ni dai la pesa: kampuni inasema, uliingia kwenye kiwanja ninachokisimamia, kibao kiliandika masharti, ukayavunja, basi unidai. Ni deni la mapatano, si kosa la jinai, na haliingii kwenye kitabu cha polisi. Kinachochanganya watu ni herufi tatu, PCN, zinazoandikwa kwenye barua za aina zote mbili. Muangalie neno la kwanza: likiwa Penalty, ni mji umeandika, na njia ya kupinga ni nyingine kabisa. Likiwa Parking, ni kampuni.

Jambo la pili linatuletea ubishi kila mara. Kuna watu huko, hata ndani ya makanisa yetu, wanaosema: «Chana tu, hawawezi kitu.» Shauri hilo lilikuwa na maana zamani. Mbele ya 2012 kampuni ilipaswa kujua ni nani hasa aliyeendesha, na mara nyingi haikujua. Sheria ya 2012 iliyoanza kutumika tarehe 1 mwezi wa kumi ya mwaka ule ilifanya mambo mawili katika England na Wales: ilikataza kampuni kufunga magurudumu ya gari kwa chuma, na kwa upande mwingine ikazipa ruhusa ya kumdai yule ambaye gari limeandikwa kwa jina lake, kama shofere hajulikani. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao. Kisha 2015 tribinali kubwa ya nchi ikaamua kesi ya mtu mmoja aliyeegesha gari Chelmsford, Barry Beavis, muuza samaki na viazi vya kukaanga. Alikaa dakika 56 kupita saa mbili za bure kwenye parkingi ya maduka, akadaiwa paundi 85. Alibisha mpaka juu kabisa, akashindwa. Majaji walisema kiasi hicho si cha kupita mpaka, na vibao vilikuwa vikubwa na wazi. Kwa hiyo kusema tu «ni pesa nyingi mno kwa dakika chache» hakusaidii tena.

Lakini sheria ileile inaifunga kampuni pia. Kama hakuna karatasi iliyoachwa kwenye kioo cha gari, barua ya kumdai mwenye gari inapaswa kumfikia ndani ya siku 14 tangu kesho yake ya siku gari liliposimama. Ikichelewa, yule mwenye gari hawezi kudaiwa kwa njia hiyo. Anabaki shofere tu, na mwenye gari halazimishwi na sheria kuitajia kampuni jina la shofere. Ndiyo maana tunawaomba: mbele ya kuandika neno lolote, chukua kalenda. Wengi wanajiharibia kwa kuanza barua na «nilipoegesha gari langu...» wakati hawakuulizwa. Hatusemi mtu adanganye. Tunasema ajibu kilichoulizwa.

Kwa mdogo wa mwenzetu, tarehe zilikuwa sawa upande wa kampuni. Kilichomwokoa ni karatasi ndogo ya malipo aliyoisahau ndani ya mfuko wa vitambaa vya mtoto. Alikuwa amelipa kweli, ila kwenye mashini aliandika herufi O pahali pa sifuri katika namba ya plaki. Kamera iliona plaki moja, mashini ikaandika nyingine. Kanuni za makampuni yenyewe zinasema kosa dogo namna hiyo lifutwe mtu akipinga. Akaandika ndani ya siku 28 zinazokubaliwa, akatuma foto ya ile karatasi.

Kampuni ikakataa. Ikamwambia: ukilipa ndani ya siku 14 ni paundi 60, ama uende POPLA, chombo cha kusikiliza malalamiko. Hapo ndipo moyo unagawanyika. Kwenda POPLA ni bure, na uamuzi wake unaifunga kampuni lakini haumfungi mwenye kulalamika. Ila ukienda unapoteza punguzo. Ukishindwa deni ni 100. Paundi 60 kwa familia ile zilikuwa minervali ya mtoto mmoja, na 100 zingegusa ya wote wawili. Dada mkubwa, kutoka huku, akamwambia: «Ulilipa. Karatasi unayo. Watoto watangoja juma mbili, nitaongea na mkubwa wa shule.» Alienda kweli, akamwomba asiwafukuze. POPLA walipotaka majibu ya kampuni, kampuni iliacha kesi yenyewe. Hakulipa kitu. (Si kampuni zote ziko chini ya POPLA, nyingine ziko chini ya chombo kiitwacho IAS. Barua ya kukataliwa inataja ni kipi.)

Mwisho kuna jambo la hatari kuliko yote, nalo ni kuhama nyumba. Kampuni inapata anwani kwenye ofisi ya serikali inayoandikisha magari, DVLA. Ukihama bila kubadilisha anwani kule, barua zote zinaenda mlango wa zamani, hata ile ya tribinali. Barua za watu wa kukusanya madeni, zenye maandishi mekundu na paundi 70 za kuongeza, zinatisha, lakini wale hawana ruhusa ya kuingia nyumbani na kuchukua vitu. Barua ya tribinali ni nyingine: kuna siku 14 za kujibu, na ukijulisha kwamba unakusudia kujitetea, zinafika 28. Asiyejibu anahukumiwa bila kusikilizwa. Hukumu hiyo inakaa miaka 6 kwenye habari zake za madeni, isipokuwa amelipa yote ndani ya mwezi mmoja, na kwa miaka hiyo kupata nyumba ya kupanga ama mkopo ni shida.

Kwa yule asiyesoma Kiingereza vizuri, ofisi za Citizens Advice zinasaidia bure; abebe barua pamoja na bahasha yake, na karatasi zozote za malipo. Mwenye ndugu huko na amsomee ukurasa huu kwa simu Jumapili hii, hasa sehemu ya anwani.